SANDUKU LA UMEME: TUNUNUE LA USHIRIKA, TUSIKOPE KILA MTU LAKE



Wiki hizi mbili maneno yamekuwa mengi, kilabuni, stesheni na kisimani, juu ya yale masanduku ya umeme. Wasioyaona niwaeleze kwanza. Ni betri kubwa iliyofungwa ndani ya sanduku lenye mpini, unalibeba mkononi kama ndoo. Lina matundu ya kuchomeka taa, simu, redio, hata televisheni. Vijana wanaliita pawabenki kubwa. Unalijaza kwa umeme wa nguzo au kwa paneli ya jua, halafu umeme ukikatika, au ukiwa porini kwenye kambi ya asali, unalitumia. Kitu chenyewe ni kizuri, sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu ni namna tunavyotaka kukinunua. Amepita kwetu mfanyabiashara anayetaka kila mwanachama achukue sanduku lake kwa mkopo, chama cha ushirika kiweke mhuri, na makato yatoke kwenye malipo ya tumbaku. Wengine wameshaandikisha majina. Mimi nasema hapana. Ninapendekeza chama kinunue masanduku mawili ya ukubwa wa kiasi, pamoja na paneli zake, kwa fedha taslimu ya ushuru wa chama, yawe mali yetu wote. Nitaeleza kwa nini, na asiyekubali aje aseme mkutanoni, ndiyo maana ya mkutano. Mwaka 1958 TANU ilikutana hapohapo Tabora mjini, wakabishana, wakafikia ule Uamuzi wa Busara. Kubishana si uadui.

Tuanze na hesabu, maana ndipo mkulima anapopigwa. Kila mwenye LUKU anaijua uniti. Uniti moja ni wati 1,000 zikifanya kazi kwa saa moja, au wati 100 kwa saa kumi, ni yaleyale. Mafundi huiita wati-saa 1,000. Sasa sanduku la kubebeka lile la bei kubwa, ambalo mjini bei yake inapita shilingi milioni moja, lile ambalo watu wanalizunguka kama gari jipya, likijaa kabisa linabeba uniti moja. Moja tu! Uniti ambayo mtumiaji mdogo ananunua kwenye LUKU kwa shilingi mia moja na kitu. Sanduku halizalishi umeme, jamani. Sanduku ni gunia. Gunia halioti mahindi, linatunza yale uliyovuna.

Na hiyo uniti moja nayo huipati yote. Kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo kuna kifaa ndani kinaitwa inveta, nacho kinakula njiani. Ukitaka usidanganyike, katika kila 100 hesabu kwamba 15 zimepotea.

Sasa lile la yule mfanyabiashara limeandikwa 120,000 kwa wino mkubwa ubavuni. Watu wakadhani ni wati 120,000, wengine wakasema litasaga mahindi ya kijiji kizima. Sivyo. Ile ni miliampea-saa, kipimo kinachoandikwa kwenye betri za simu. Chukua 120,000, zidisha kwa 3.7 ambazo ndizo volti za seli moja ya lithiamu ya kawaida, kisha gawa kwa 1,000. Jibu ni 444. Basi lina wati-saa 444, haifiki hata nusu uniti, na ukitoa fungu la inveta unabaki na kama 377. Hesabu hii tuliifanya ubaoni kwenye darasa la kisomo, na mama mmoja aliyepita miaka 60 alilipata jibu kabla ya mwalimu. Na hapo tumekubali kwamba maandishi ya ubavuni ni ya kweli. Maandishi hayalipiwi kodi, mtu anaandika anavyotaka.

Wati-saa 377 zinafanya nini? Chomeka pasi ya wati 1,000, kama sanduku halitajizima lenyewe kwa kuelemewa, zimekwisha kwa dakika 22. Suruali mbili. Birika la umeme ni wati 1,500 au 2,000, hilo hata usijaribu. Mashine ya kusaga yenye mota ya nguvu za farasi 20 inataka karibu wati 15,000. Huko ni sawa na kumfunga kuku jembe la ng'ombe. Friji ndogo nayo huweza kumaliza uniti nzima kwa siku moja, na kila inapoanza kuzunguka inavuta nguvu nyingi kwa mara moja. Kwa hiyo aliyeandikisha jina akitegemea kupiga pasi, kuchemsha chai na kufungua saluni, nasema mapema, ajifute kwenye daftari.

Lakini msinielewe vibaya. Kwa kazi ndogondogo za maana, umeme huo mdogo ni mali kubwa. Taa za siku hizi ni za wati 9 na zinaangaza vizuri. Darasa la kisomo likiwasha taa nne kwa saa mbili linatumia wati-saa 72. Mizani ya dijitali ya chama haifiki wati 10; ikifanya kazi kutwa nzima, saa nane, haimalizi wati-saa 80. Kompyuta ya karani, ile ya kukunja, ikiwa wati 50 kwa saa nne ni 200. Jumlisha yote: 352. Sanduku la wati-saa 500, ambalo baada ya kutoa fungu la inveta lina 425, linamaliza kazi zote tatu kwa siku moja na chenji inabaki.

Na hapa kwenye mizani ndipo panaponiuma zaidi. Mnajua inavyokuwa umeme ukikatika siku ya kupima mazao. Watu wamelala na mizigo, mizani imezima, karani anaandika kwa makadirio au anasema njooni kesho. Mwenye baiskeli anarudi nyumbani na gunia lake, mwenye shida anamuuzia mlanguzi palepale nje ya ghala kwa bei ya kutupa. Kilo zinazopotea siku kama hiyo hakuna anayezihesabu, lakini ni jasho la mtu. Betri ya shilingi laki kadhaa ikizuia jambo hilo kwa msimu mmoja imefanya kazi yake.

Twende porini. Kambi zetu za asali si kambi za starehe kama za wazungu wanaokwenda kuangalia simba. Mtu anakaa huko wiki mbili tatu kwenye miyombo, mbali na barabara. Kurina kwetu ni usiku, nyuki wakiwa wametulia, na mwanga wa kienyeji ni mwenge wa moto. Mwenge huo ndio unaochoma msitu, na msitu ukiungua mizinga ya magome inakwenda nao, pamoja na maua ya mwaka ujao. Taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu ni bora, kwa sababu nyuki haioni rangi nyekundu, na mrina anabaki na mikono miwili huru juu ya mti. Taa hizo zinachajiwa. Taa 12 za watu 12 zinakula kama wati-saa 60 kuzijaza. Simu kubwa sita ni kama 120, vitochi sita ni kama 24, redio ndogo ya wati 3 kwa saa tano ni 15. Jumla 219 kwa siku. Paneli moja ya wati 100, ikiwekwa mahali peupe kwenye jua la kiangazi cha Tabora, inaweza kuleta wati-saa 400 kwa siku. Maana yake kambi inajitosheleza, na mtu akiumwa na nyoka usiku simu ya kuita pikipiki ina chaji. Nasema mahali peupe. Paneli chini ya kivuli cha mninga ni ubao tu.

Kuna ndugu mmoja ameniuliza, kwa nini tusichukue betri ya gari, au ile ya sola ya maji ya asidi, ni rahisi zaidi? Swali zuri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ni ya risasi, na ukiimaliza zaidi ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Kwa hiyo hesabu 600. Na ina uzito wa kama kilo 30. Wazee wetu Wanyamwezi waliobeba pembe na vitambaa kati ya Unyanyembe na pwani, mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, na frasila ni kama kilo 16. Basi betri hiyo moja ni mzigo kamili wa mpagazi, na bado hujabeba paneli, waya na inveta. Sanduku la lithiamu la wati-saa 500 ni kama kilo saba, halifiki hata nusu frasila, linafungwa nyuma ya baiskeli. Kwa ofisi ambayo haihami, betri ya risasi iliyofungwa ukutani na fundi anayejua kazi si mbaya hata kidogo. Kwa kitu kinachokwenda porini Jumatatu na kurudi kwenye mizani Ijumaa, hapana.

Wengine nao wanasema, bwawa limekwisha, ya nini betri? Kweli, bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni fahari yetu. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na yote tisa ilikamilika mwaka 2025, jumla megawati 2,115. Tulioishi kwenye mgao wa mwaka 2006, ule wa 2011 na ule wa 2023 tunajua uzito wa kazi hiyo. Lakini umeme kuwa mwingi Rufiji ni jambo moja, na nguzo kuanguka kwa upepo wa Novemba karibu na kwetu ni jambo jingine. Waya unatoka mbali. Radi ikipiga transfoma, megawati zote zile haziwezi kuiwashia taa mizani yetu usiku huo. Na porini hakuna nguzo, wala hakuna atakayeipeleka huko kwa ajili ya mizinga.

Kwamba sanduku la kubeba linaokoa watu, hilo limeshaonekana. Mwaka 2008 daktari wa wazazi kutoka Marekani, Laura Stachel, alikwenda kaskazini mwa Nigeria akakuta akina mama wanajifungua gizani, upasuaji unasimama umeme ukikatika. Alirudi, na mume wake Hal Aronson, ambaye ni mtu wa sola, wakatengeneza sanduku la kubeba lenye taa, betri na paneli kwa ajili ya wodi za wazazi. Masanduku ya namna hiyo yamefika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Angalieni walivyofanya: walianza na kazi, ndipo wakatengeneza sanduku la kuitosha. Sisi tunataka kuanza na sanduku, halafu tulitafutie kazi.

Sasa mkopo. Tumbaku tunaijua. Kuna pembejeo, kuna kuni za mabani, kuna vibarua, na vyote vinakatwa kabla fedha haijafika mkononi. Malipo yenyewe mara nyingine yanachelewa mpaka watoto wamesharudishwa nyumbani kwa michango. Juu ya hayo tuongeze makato ya sanduku? Na mhuri wa chama ukishakuwa pale, mmoja akishindwa kulipa deni si lake tena, ni letu. Ndugu yangu mwenye ekari moja atakuwa analipia sanduku la mwenye ekari kumi. Tena tukichukua kila mtu lake, masanduku mengi yatakaa chini ya vitanda siku nyingi yakichaji simu mbili. Huo ni mtaji uliolala. Mawili ya ushirika hayatalala hata siku moja wakati wa msimu.

Kwa nini mawili madogo na si moja kubwa la wati-saa 2,000 kama viongozi wengine wa chama wanavyotaka? Kwa sababu kubwa litakaa ofisini, tuseme ukweli. Litakuwa la ofisi, na jioni litawasha televisheni. Televisheni yenyewe si mlafi, wati 50 kwa saa mbili ni wati-saa 100 tu, lakini ugomvi wake ni mkubwa kuliko umeme wake. Simba na Yanga zitacheza hata bila betri yetu. Mawili madogo, moja linakwenda kambini, jingine linabaki kwa mizani na kisomo. Moja likiharibika hatuko gizani kabisa.

Wakati wa kununua, watumwa wanunuzi watatu, si mmoja, na mmoja wao awe mwanamke. Waulize aina ya lithiamu. Kuna ile ya chuma na fosfeti, kwenye maandishi inaandikwa LiFePO4. Hiyo watengenezaji huikadiria kujazwa na kumalizwa hata mara 3,000 kabla ya kupungua hadi kubaki na 80 katika 100 ya nguvu zake. Ukiijaza kila siku ni zaidi ya miaka minane. Lithiamu nyingine nyingi huhesabiwa mara 500 hadi 1,000, na kwa mara 500 hufiki hata mwaka mmoja na nusu. Muuzaji asiyejua aina ya betri anayouza, mwachieni mwenyewe. Waangalie kama zimeandikwa wati-saa waziwazi, na wati ambazo inveta inaweza kutoa kwa mfululizo, si zile za dakika moja. Wadai risiti na dhamana ya maandishi.

Likifika, kabla halijapokelewa kwenye daftari la mali, tulipime mbele ya watu. Tulijaze, tuwashe taa zenye jumla ya wati 60, tuangalie saa. La wati-saa 500 likiwa la kweli linakwenda saa saba hivi. Likizima baada ya saa tatu, linarudishwa dukani kesho yake na risiti yake. Kazi hiyo haitaki injinia, inataka saa ya ukutani na watu wawili wasiolala.

Utunzaji ni mdogo lakini ni wa lazima. Joto ndilo adui. Sanduku lisiwekwe ndani ya bani wala karibu nalo, lisifunikwe blanketi likiwa linachaji, lisiachwe juani. Paneli ikae juani, sanduku kivulini. Vumbi na mvua lisionje. Masika likiwa halina kazi, libaki na chaji kama nusu, likaguliwe kila baada ya miezi mitatu. Likivimba au kunuka, litolewe nje mara moja, na asiwepo fundi wa kujaribu kulifungua kwa bisibisi. Lithiamu ikishika moto haina utani.

Na nani alitunze? Hapa najua nitawaudhi wengine. Ninapendekeza funguo na daftari la kutoa na kupokea vishikwe na mwanakisomo, mmoja wa wale akina mama wanaojua sasa kusoma namba za kwenye kioo cha sanduku na kuandika tarehe bila kufuta. Mwaka 1970, uliotangazwa na Mwalimu kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wazee wetu walianza kujifunza A na E. Leo kisomo chetu kinakaa jioni baada ya shamba, na umeme ukikatika darasa linavunjika, mtu anarudi nyumbani na herufi nusu. Kwa hiyo usiku wa kisomo usiwe hisani ya karani, uandikwe kwenye utaratibu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja mpaka saa tatu, sanduku la kijijini ni la darasa, isipokuwa kama kuna mama anajifungua zahanati ikiwa gizani, hapo kila kitu kinasimama na sanduku linakwenda huko.

Kuchaji simu za watu kwa malipo mimi sikatai, lakini iwe mchana wakati paneli inajaza, isiguse chaji ya usiku, na kila shilingi iandikwe. Fedha hiyo itunzwe kwa ajili ya betri ijayo, maana hata iliyo bora siku moja itachoka.

Mkutano mkuu ni Jumamosi, saa nne asubuhi, mbele ya ghala. Daftari la waliojiandikisha mkopo liko kwa karani mpaka Ijumaa jioni. Anayetaka kufuta jina anaruhusiwa, hakuna faini, nimeuliza. Anayetaka kubaki naye aje atueleze hesabu yake ya makato. Mwalimu wa kisomo ataleta ubao na chaki. Mwenye sanduku la namna hii nyumbani, hata kama ni dogo, tunamwomba alilete limejaa, tulipime pale pale kwa taa na saa.

Katibu wa Chama, Tawi